Muuaji Aliyevua Viatu Mlangoni Kwangu

Ndaga, asanteni, wajane wenzangu, kwa kuja na matope haya. Mimi maneno ya kupamba siyajui. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nitasema yaliyonipata mwaka juzi, na jina la mtu sitalitaja, kwa hiyo anayekohoa pale nyuma atulie.

Mume wangu aliniachia shamba la kakao hapa Mwaya. Alipofariki hakuna ndugu aliyeligombea. Kakao ilikuwa kazi nyingi na mnunuzi mmoja, tena akija siku anayopenda. Halafu biashara ikafunguliwa. Wanunuzi wakaanza kuja na magari yao, wananyang'anyana gunia barabarani. Hapo ndipo mdogo wa mume wangu alipokumbuka kwamba mimi ni mjane.

"Shemeji, umezeeka. Nipe shamba, nikutunze."

"Nimezeeka, lakini panga nalishika."

Akacheka, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili, mchana, majirani wako kwenye mpunga, mimi niko nyuma ya nyumba namenya ndizi. Nikasikia mtu mgongoni.

"Usigeuke, bibi! Mimi ni muuaji wa kukodiwa. Genge letu liko Joni, kule Afrika Kusini kwenye migodi. Shamba la kakao uliache. Na ukimwambia mtu yeyote, hata balozi wa nyumba kumi, umekwisha."

Ndugu zangu, nawaambia, sauti ile ilikuwa ya ajabu. Neno la kwanza alilitamka kama Mzaire, la pili kama mtu wa Dar es Salaam, la tatu kama aliyejaza kiazi cha moto mdomoni. Leo mnacheka. Mimi siku ile nilisema moyoni, huyu amezunguka nchi zote hizo akiua watu, ndiyo maana hata kwao hapajulikani.

Nikaogopa. Mimi huyu mnayeniita mama mkali. Shambani sikukanyaga tena. Kakao iliiva, ikageuka nyeusi juu ya miti, tumbili wakajilia. Kanisani sikwenda. Jirani yangu alipita kila asubuhi, "Mama, unaumwa?" Nikasema miguu. Binti yangu akaja kutoka Ngana, nikamwambia miguu. Miezi mitatu nilisema miguu, na miguu yangu haikuwa na kitu. Mwisho nikampelekea shemeji ujumbe: leta karatasi ya kukupa shamba, nitaweka dole. Mjue hivyo. Nilikuwa nimeshashindwa.

Shemeji hakuja mwenyewe. Alimtuma muuaji.

Safari hii alikuja mbele ya nyumba, jua la saa sita. Amevaa koti la mtumba, zito, la watu wa baridi, na miwani myeusi, na kijiti cha meno mdomoni. Kyela hii, joto hili! Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Ndipo nikaona jambo. Alipofika mlangoni aliinama, akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango, kisha akaingia kuniua.

"Bibi, karatasi ndiyo hii. Weka dole hapa. Ama sivyo..." Akatazama paa.

Nikangoja.

"Ama sivyo nini?"

"Subiri kidogo, bibi. Linakuja."

Alivyotazama paa vile, nikamjua. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, wa kanisani kwetu! Krismasi, kwenye igizo la kanisa, yeye ndiye aliyekuwa askari wa Herode. Alimnyakua mtoto wa mwenzetu ili amuue, mtoto akalia, naye akasahau maneno, akatazama paa, kisha akaanza kumbembeleza mtoto mbele ya watu wote.

"Vua miwani," nikamwambia.

"Muuaji havui miwani."

"Viatu umevua. Vua na hiyo."

Akavua. Zile nchi zote zikamtoka mdomoni, ikabaki sauti ya Mwaya tupu: "Bibi, naomba maji." Nikampa. Akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili. "Ndaga, bibi."

Akaeleza. Shemeji alimwambia anamjua mtu wa Dar anayetengeneza michezo ya kuigiza ya video, na anatafutwa mtu wa kuigiza muuaji. Akamwambia nenda ukajaribu kwa shemeji yangu, mimi naye ni watani.

"Mara ya kwanza nilijua ni utani wenu," akasema. "Leo aliponipa karatasi nikaona si utani. Lakini nilishaitamani ile video, bibi."

Sikumpiga. Nilitaka. Nilimshika mkono na koti lake, nikamvuta mpaka shambani, nikamwonyesha kakao nyeusi, mti kwa mti. "Tazama. Huu ndio mchezo wako." Akalia kama mtoto. Nami nikashtuka: nimesimama ndani ya shamba langu, baada ya miezi mitatu, na sijafa.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza polepole, "Lakini bibi, ile siku ya kwanza uliogopa kweli?"

"Niliogopa."

Akafurahi, mpumbavu yule. Alijizuia, lakini nilimwona.

Kesho yake nikaomba wazee wa ukoo wakae, na balozi awepo. Nikasema yote, na ile karatasi nikamkabidhi balozi. Shemeji akasimama. "Muuaji gani? Mama huyu anaota."

Nikamwita mtu wangu. Akaingia na koti na kijiti, akaanza: genge, Joni, umekwisha, Mzaire, Dar, kiazi, mpaka alipotazama paa. Wazee walicheka, mmoja akashika mbavu. Watu wote walicheka isipokuwa shemeji. Balozi akamtazama, akaichana karatasi. Shamba ni langu hadi leo, na kakao yake naivundika mwenyewe kwenye majani ya migomba.

Namshukuru jirani aliyeniuliza kila asubuhi bila kuchoka na uongo wangu. Namshukuru binti yangu, na balozi. Na huyo mwigizaji nampenda, msimwambie. Kila msimu anakuja kunisaidia kupasua kakao. Bado anaigiza. Pasaka alikuwa Pilato, akasema Kizaire. Nilikaa mbele, na nilipotoka nikamwambia ukweli: bado.

Nilichojifunza ni hiki. Yule mtu hakuwa na kisu wala bunduki. Kilichonifunga ni lile neno lake la usimwambie mtu, na mimi nikalitii. Ningelimwambia jirani siku ile ile, tungelicheka wote kabla ndizi hazijaiva jikoni.

Katika wanawake waliokaa hapa, yuko mmoja anayetuambia miguu. Simtazami. Mama, mimi nimemaliza, nakaa. Simama wewe.