Aulikki Hyttinen na Mlango wa Chumba Namba Nne

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulitunza jengo la Ukumbi wa Jamii wa Honkasalmi, Aulikki Hyttinen anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Novemba. Alianza kazi majira ya baridi, wiki ambayo mabomba ya chini yalipasuka kwa kuganda, na siku ya kwanza aliimaliza akiwa na maji hadi vifundoni. Mkuu wa idara alimwambia kesho yake apumzike. Alikuja, tena na viatu vya mpira.

Wengi tunamjua kwa ukali wake. Ole wako uingie na theluji kwenye viatu. Kwaya ya wazee ilihamisha piano bila ruhusa ikafukuzwa mwezi mzima, na mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe aliwahi kukabidhiwa ufagio. Wengine tunamjua kwa mikate yake mitamu ya iliki, ambayo anatugawia kana kwamba anatuadhibu.

Lakini kazi yake kubwa haimo kwenye barua ya ajira. Kila Jumanne saa kumi na mbili jioni, chumba namba nne hukaliwa na watu wanaosaidiana kuacha pombe. Kwa kulinda siri yao mlango hauna kibao, na kwenye ratiba ya ukutani huandikwa tu kwamba chumba kimeshikwa. Ni utaratibu mzuri kwa anayejua njia. Kwa mgeni ni balaa, hasa mgeni wa huku kwetu, ambaye yuko radhi apotee kuliko kumsumbua mtu kwa swali.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuja mwanamume mmoja aliyepewa mwezi mmoja na binti yake: aache pombe, au asimwone tena mjukuu wake. Aliingia chumba namba mbili, akaketi nyuma. Walikuwa wafuga nyuki. Alisikiliza saa nzima habari za kukinga mizinga na baridi, akajipa moyo kwamba pombe itafikiwa baadaye. Wiki ya pili akarudi. Wiki ya tatu akanunua chupa mbili za asali kwa aibu. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani, maana kuuliza si adabu, na katibu wao alikuja kusema kwamba walimwona ana uso wa mtu anayependa nyuki.

Mtu huyo ni mimi. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu, kwa sababu jarida hili linasomwa na halmashauri nzima.

Jumanne ya nne, mwezi ule ukiwa unakatika, Aulikki alinikuta koridoni nikivaa koti. Nilikuwa nimeshakata tamaa, na duka la pombe lilikuwa bado wazi. Yeye alikuwa na birika la kahawa mkononi.

"Wewe bwana, una mizinga mingapi?" aliuliza.

"Sina hata mmoja."

"Nilijua tu. Haya, nishikie hili, mkono unaniuma. Lipeleke namba nne, wanalisubiri."

Nikalibeba. Mtu aliyetumwa kahawa hawezi kutoroka nayo, si huku kwetu. Nilipoingia watu walisogea, nikakaa. Aulikki aliufunga mlango kwa nje akaenda zake, bila kuniuliza jina.

Baadaye niligundua kwamba nilikuwa mmoja kati ya wengi. Huyu alibebeshwa sukari, yule viti, mwingine vikombe. Na idara ilipotaka orodha ya wanaohudhuria kwa ajili ya ripoti, alirudisha fomu ikiwa na idadi tu: kumi na wanne. Alipodaiwa majina alisema yeye huosha vikombe, na vikombe havina majina.

Miaka yote hiyo tulidhani naye aliwahi kunywa. Sivyo. Wiki iliyopita, nikiwa nimemshikia ngazi akisafisha kabati lake, aliniambia kuhusu mumewe, Reijo. Reijo alifika kwenye jengo hili mara mbili, akakaa garini, akaona watu wanaingia lakini hakujua ni mlango upi. Mara zote mbili alirudi nyumbani. Masika yaliyofuata alifariki, na vuli hiyo hiyo Aulikki akaomba kazi hapa.

"Alihitaji mtu mmoja tu wa kumwelekeza," alisema, huku akikunja matambara.

Iliniuma sana, nikaendelea kumshikia ngazi.

Tulitaka kumnunulia zawadi, akakataa. Shida yake ni nyingine. Kuanzia Desemba milango itafunguliwa kwa kadi, na jioni hakutakuwa na mtunza jengo. Ameiuliza idara mara mbili ni nani atakuwepo siku za Jumanne. Amejibiwa kwamba mlango utajifungua wenyewe.

Dada Aulikki, asante kwa sakafu, asante kwa ukali, na asante kwa wote ambao hukuwahi kuwauliza majina. Mjukuu wangu ana miaka kumi na mitatu sasa, na kila Jumamosi yuko kwangu. Sisi wenzako tunakuombea afya, usingizi mrefu na jioni tulivu. Na Jumanne ijayo, ikifika saa kumi na mbili kasoro robo, usiwe na wasiwasi: nitakuwa nimesimama koridoni.

Ilmari Tuovinen, dereva wa gari la maktaba