Kadi Moja tu, Macho Nimefumba

YERIM: Haloo? Haloo! Dohun?

DOHUN: Nani mwenzangu?

YERIM: Nani mwenzako! Dada yako Yerim. Una dada wangapi?

DOHUN: Aa, Dada! Bwana asifiwe. Samahani, huku mlimani mtandao ni wa kuvizia. Nimesimama kwenye mitungi ya kimchi, kabichi zao za kuchachua, nyuma ya Nyumba ya Maombi, mguu mmoja juu ya jiwe. Nikiushusha, unanipoteza.

YERIM: Basi usiushushe. Sikia –

DOHUN: Ngoja kwanza nikupe ushuhuda. Siku tatu, Dada! Siku tatu sijatia hata punje ya wali mdomoni. Mwili mwepesi, woga umeniisha wote. Hivi unavyonisikia, sasa hivi niletee simba, nitamkata kucha.

YERIM: Simba hatuna. Tunaye Baba. Dohun, leo asubuhi hakunijua. Kaniita kwa jina la shangazi. Macho ni manjano, yaani manjano kabisa.

DOHUN: [mkwaruzo] ...si juzi alikuwa anatania manesi?

YERIM: Juzi ni juzi. Daktari kasema chumba cha upasuaji ni kesho alfajiri. Wewe unatakiwa ulazwe leo, kabla ya saa nane. Sasa hivi saa nne. Ukichelewa, kesho wanampa mgonjwa mwingine, na Baba wiki hii haimalizi. Unanisikia?

DOHUN: Nakusikia vipande vipande.

YERIM: Kipande gani hukukisikia?

DOHUN: Hicho cha kulazwa.

YERIM: Ini langu wangelikubali, saa hizi ningeshapasuliwa. Wamelipima, ni dogo. Lako ndilo limefaa. Sikuchagua mimi.

DOHUN: Najua, Dada, ndiyo maana nikapanda huku kuuliza. Jambo kubwa namna hii mtu halikurupukii. Na nimejibiwa.

YERIM: Umejibiwa nini?

DOHUN: Kwa Kadi ya Neno.

YERIM: Ile ya mwaka mpya, yenye mstari wa Biblia?

DOHUN: Hiyo hiyo. Huku wanaliacha kapu la kadi pale madhabahuni mpaka Januari iishe. Nikasali, nikaingiza mkono. Ikatoka ile ya wana wa Israeli pale baharini. Farao nyuma, maji mbele, wanaambiwa watulie tu, Bwana ndiye atakayepigana. Watulie, Dada! Sasa mimi nani nikimbilie kisu cha daktari –

YERIM: Tangu lini kadi ya mwaka mpya ikasoma vipimo vya hospitali? Ile unachota moja, unaibandika kwenye friji, basi. Mimi mwaka jana nilipata ya mti kando ya mto, kwamba kila nitendalo litafanikiwa, nikafukuzwa kazi mwezi wa pili.

DOHUN: Usidharau vitu vya Mungu.

YERIM: Sidharau. Hadithi hiyo ulifundishwa na mimi, Sunday school, ukiwa huna meno ya mbele. Neno la kwanza Musa alilowaambia ni lipi?

DOHUN: ...Watulie.

YERIM: La kwanza kabisa.

DOHUN: [upepo] ...Wasiogope.

YERIM: Na walipotulia, Mungu akasemaje? Si alimuuliza Musa mbona unanililia, waambie hao watu watembee?

DOHUN: Hiyo haikuandikwa kwenye kadi.

YERIM: Kadi ni ndogo, mdogo wangu! [sauti ya kufyonza] Na hicho unachofyonza ni nini?

DOHUN: Upepo.

YERIM: Upepo wenye mchuzi?

DOHUN: Dada, hawa watu wanaosali mapangoni wanapiga kelele, sikusikii. Wanalia "Bwana! Bwana! Bwana!" mpaka theluji inaanguka mitini –

YERIM: Baba alizinduka kidogo, saa mbili hivi. Nikamwambia Dohun yuko mlimani anakuombea. Unajua kauliza nini?

DOHUN: Kauliza nakuja saa ngapi.

YERIM: Kauliza, "Amekula?"

DOHUN: [kikombe kinawekwa juu ya mtungi]

YERIM: Uko hapo?

DOHUN: Nimekula. Tambi za kikombe. Mbili. Na... jana pia.

YERIM: Na juzi?

DOHUN: Juzi nilifunga mpaka mchana.

YERIM: Simba wako anacheka huko aliko.

DOHUN: Silali, Dada. Ukweli wa Mungu silali. Ile fomu niliisoma yote. Wewe ulisoma? Ukurasa wa nne, chini, maandishi madogo kama sisimizi. Mtoaji anaweza kufa. Wameandika hivyo hivyo, kama wanakwambia sakafu inateleza. Nikifumba macho naziona zile taa zao. Naona wamenifunua kama samaki wa sokoni.

YERIM: Wanakata kipande, Dohun. Kinaota tena.

DOHUN: Kikikataa kuota?

YERIM: Sijui.

DOHUN: Unaona? Hata wewe hujui.

YERIM: Sijui. Naogopa. Nina baba mmoja, na nina mdogo mmoja, na wote wawili kesho mlango mmoja. Unadhani mimi nimelala?

DOHUN: [mkwaruzo] ...hukuniambia.

YERIM: Sasa sikia, kabla mtandao haujapotea. Kukataa unaruhusiwa. Daktari kaniita pembeni, kasema mtoaji akighairi, wao wanaiambia familia vipimo vimegoma, basi. Hakuna anayeuliza. Hata mimi nisingejua. Ungekuja tu, ukamnong'oneza daktari, ukarudi kwako.

DOHUN: Kumbe?

YERIM: Ndiyo. Sema "Dada, naogopa, siwezi," nitalia, nitakutukana kidogo, nitakupikia supu. Lakini usimsimamishe Mungu mlangoni kama mlinzi, awe ndiye anayesema bosi hayupo.

DOHUN: Nilitaka akatae Yeye.

YERIM: Najua.

DOHUN: Akikataa Yeye, si mimi niliyemuua Baba.

YERIM: Njoo hapa, mjinga wewe.

DOHUN: Lakini kadi ni kadi! Ningekuwa nimechagua mwenyewe, sawa, nicheke. Nilichota moja. Moja tu, macho nimefumba, mkono wa kulia, naapa mbele ya hii mitungi yote –

SAUTI: Mitungi ni yangu. Usiiapie.

YERIM: Nani huyo?

DOHUN: Aa... ni Mama Shemasi. Mama Shemasi Pyo, wa jikoni. Shikamoo, Mama. Naongea na –

SHEMASI PYO: Lete hiyo simu. Lete! Haloo? Wewe ndiye dada yake?

YERIM: Ndiyo, Mama. Shikamoo.

SHEMASI PYO: Marahaba, binti yangu. Nimekuja kuchota kimchi, nimesikia kuapa. Kachota kadi kumi na moja.

YERIM: Ngapi?

SHEMASI PYO: Kumi na moja! Jana baada ya ibada ya asubuhi, mimi nafagia nyuma ya kinanda. Anachota, anasoma, anasonya, anarudisha. Anachota tena. Nikasema huyu anatafuta mke humo?

YERIM: Dohun.

DOHUN: [kwa mbali] Mama, tafadhali.

SHEMASI PYO: Tena zile kadi naziandika mimi, kwa mkono, nikiwa na mafua. Mungu hakuziweka humo ili zimsainie mtu fomu.

YERIM: Dohun, ya kwanza ilikuwa ipi?

DOHUN: [kwa mbali] Ya mchungaji.

YERIM: Ya mchungaji na kondoo? Ile wanayoikariri watoto wote?

DOHUN: Nilianza vizuri. Majani, maji. Nikafika pale kwenye bonde la mauti, nikairudisha haraka.

SHEMASI PYO: Ukaishia bondeni? Mstari bado unaendelea, kijana! Si unavuka, na mchungaji wako yuko nawe?

DOHUN: Niliona mauti tu, Mama. Sikuona kingine.

YERIM: Mama Shemasi, kuna basi?

SHEMASI PYO: Basi limeshapita. Mimi nashuka na kigari cha kabichi mpaka stendi. Nafasi ni moja. Simlazimishi, na wewe usimlazimishe. Shika simu yako, kijana.

YERIM: Dohun?

DOHUN: Dada, naogopa.

YERIM: Nasikia.

DOHUN: Bado sijapata jibu. Nimeomba kweli, si utani, na bado naogopa vilevile.

YERIM: Basi mwambie Yeye hivyo hivyo.

DOHUN: Chaji asilimia moja. Usimwambie Baba kitu. Sijasema nakuja.

YERIM: Sijakuuliza.

DOHUN: Nasisitiza tu. Niko hapa hapa, mguu kwenye jiwe, nafikiri, sijaamua lolo –

SHEMASI PYO: Binti, muongo huyo! Ameshapanda kigarini hapa kando ya mitungi, tena amekumbatia kabichi zangu kama –

[Simu imekatika.]