Kibodi ya Kipara ya Mwalimu Oluoch

Tarehe 31 Oktoba 2025, Mwalimu Nicanor Oluoch atafunga mlango wa chumba cha kompyuta kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na mitatu katika chuo chetu cha uuguzi hapa Gatina, Kawangware. Atafunga yeye mwenyewe, kwa sababu ufunguo huo hajawahi kumwachia mtu, hata mkuu wa chuo. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu mfupi, wa kuchangamsha, usio na machozi. Mfupi nitajaribu.

Alikuja kwetu Septemba 2002 kama karani wa kupiga chapa mitihani. Kabla ya hapo alikuwa na kibanda kule Gatwekera, Kibera, chenye taipureta moja na stuli mbili, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi. Mwaka uliofuata chuo kikapewa msaada wa kompyuta tatu, na hakuna mwalimu aliyethubutu kuzigusa. Karani alizigusa. Alisoma vitabu vya maelekezo saa ya chakula cha mchana, na kufikia Krismasi alikuwa akiwafundisha walimu wale wale waliozoea kumtuma chai. Akasoma stashahada yake Jumamosi baada ya Jumamosi, mkewe Sella akimfungia chapati za njiani, na mwaka 2006 akavua ukarani akawa mwalimu.

Kila asubuhi ametembea kwa miguu kutoka Soweto East, kule Kibera, hadi hapa, chupa ya chai kwapani. Amechelewa mara moja tu, mwaka 2014, na siku hiyo alileta barua ya kujieleza ambayo hakuna aliyeiomba.

Waliopita mikononi mwake wanakumbuka kikohozi chake. Stima ya Gatina zamani ilikuwa na tabia zake. Ukiandika ukurasa mzima inapotea, na ukurasa unaenda nayo. Mwalimu hakupenda kupaza sauti, basi kila baada ya dakika tano alikohoa mara moja, na sisi sote tukahifadhi kazi. Ilituingia damuni. Nilipopelekwa kliniki ya kifua kwa mafunzo, kila mgonjwa alipokohoa vidole vyangu vilihifadhi kazi kabla sijamuuliza amekohoa kwa siku ngapi.

Alikuwa na sheria nyingine: hakuna kugusa kompyuta bila kunawa mikono, na kila Ijumaa mwanafunzi mmoja wa zamu asafishe chumba chote. Majina ya zamu aliyaandika kwa mkono kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na kila zamu iliyofanywa vizuri aliitia alama ya vema kwa wino mwekundu. Hapo ndipo ninapoingia mimi katika wasifu wa watu.

Mwaka 2011 nilikuwa mwaka wa kwanza. Tulikuwa na kompyuta kumi na moja, zenye kibodi zile za zamani za rangi ya maziwa na herufi nyeusi, zenye uchafu wa vidole vya miaka. Ijumaa moja zamu ikawa yangu. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumefundishwa kusafisha ngozi ya mgonjwa kabla ya sindano, kwa pamba na spiriti, kwa kusugua bila huruma. Nikasema, kama ngozi inatakata, plastiki itashindwa wapi? Spiriti ilipoonekana kuzembea nikaongeza dawa ya kutoa rangi ya kucha. Stima ilikuwa imepotea na chumba kile kina dirisha moja tu. Pamba ilivyozidi kuwa nyeusi ndivyo nilivyozidi kujisifu. Kumbe ule haukuwa uchafu.

Jumatatu tulikuta kibodi zote kumi na moja zina vipara. Hazikuwa na A wala Z. Mtihani wa kompyuta ulikuwa wiki tatu mbele, na asiyepita hapandi mwaka wa pili. Darasa liliguna, "Sasa tutapita aje, na hii kitu haina herufi?" Madam Rosebella, mkuu wetu wa wakati ule, aliingia akiwa amewaka. "Mwenye alifanya hii kazi ajitoe sasa hivi. Nikimpata mwenyewe, anaenda nyumbani hadi mwaka ujao."

Sikujitoa. Mama yangu alikuwa akifua nguo za watu Lavington ili mimi nisome. Kurudi nyumbani mwaka mzima kungekuwa mwisho wa uuguzi wangu, nami nililijua hilo kama nilivyolijua jina langu. Madam akaenda mlangoni kuangalia karatasi ya zamu. Karatasi haikuwepo, palibaki vipande vinne vya selotepu. Akamuuliza Mwalimu Oluoch zamu ilikuwa ya nani. "Madam, hii kichwa yangu siku hizi inasahau," akajibu, mtu aliyezijua nambari za mashine zote kumi na moja bila kutazama daftari. Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini, na usiku huo nikamshukuru Mungu kwa upepo uliochukua karatasi.

Kisha akafanya lililomfanya awe Mwalimu Oluoch. Alituambia tufumbe macho na kushika mkono wa jirani. "Tafuteni mshipa." Tukautafuta, tukaupata. "Umeandikwa jina? Umeupata na nini?" Tukasema, kwa kidole. Basi akatuonyesha kwamba kwenye F na J kuna vinundu viwili vidogo ambavyo spiriti haikuviweza, na kwamba ukivipata hivyo, herufi nyingine zote zina majirani wanaojulikana. Kwa wiki tatu tulipapasa. Tuliandika upuuzi mtupu, tukacheka hadi tukaumwa na mbavu, tukaandika tena. Darasa lote lilipita, na lilipita kwa kasi ambayo chuo hiki hakijawahi kuiona.

Nilidhani tumefundishwa kupita mtihani. Miaka mitano baadaye, nikiwa muuguzi katika zahanati moja Gatwekera, alikuja mama mmoja aitwaye Tabby kulalamikia kichwa. Nilikuwa naandika huku nikimtazama usoni. Akasema, "Wewe angalau unaniangalia. Wengine huongea na kompyuta." Ndipo akaniambia kwamba vidonge vya presha aliacha kumeza tangu Pasaka. Nikampima, na siku hiyo hiyo tukampeleka hospitalini. Yuko hai. Huuza omena, dagaa wale wa ziwani, karibu na kwetu, na akiniona hunijazia kipimo hadi kinafurika.

Kibodi mpya zilikuja baadaye. Mwalimu alibaki na moja ya zile za zamani, nambari nne, wanafunzi wakaibatiza Kipara, na kila darasa tangu hapo limepita chini yake kwa wiki moja. Mimi nilirudi chuoni kufundisha mwaka 2019. Tumekunywa chai pamoja karibu kila siku, nami kila siku nimepanga kumwambia ukweli wa ile Ijumaa, na kila siku chai imeisha kabla ya ujasiri kufika. Miaka kumi na minne ni mingi kwa siri ya pamba na spiriti.

Jumatatu iliyopita alinikabidhi faili la chumba, kwa kuwa mimi ndiye ninayechukua darasa lake. Kila kitu kimeandikwa kwa mwandiko wake uliosimama wima: mashine thelathini, meza, feni inayopiga kelele, na Kipara, isitupwe. Nyuma kabisa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe zake zote zimenyofoka pale selotepu ilipobanduliwa kwa haraka. Ilikuwa zamu ya mwaka 2011. Ijumaa ile ina jina moja, langu, Lavender Mideva, na mbele yake alama ya vema kwa wino mwekundu.

Machozi, kamati, samahani.

Mwalimu, ni mimi niliyesafisha. Asante kwamba ulijua, na asante kwamba ulinywa chai nami miaka yote hii bila kunidai neno. Wewe na Mama Sella tunawaombea afya, mvua ya kutosha shambani kwenu Ugenya, na usingizi usiokatizwa na kengele. Na ukikohoa huko, hata kidogo tu, ujue kuna wauguzi Kawangware na Kibera nzima ambao wamehifadhi kazi.