Orodha ya Mwisho ya Kocha Eckhard Brosowski

Ndugu mliofika, na wewe Holger uliyejibanza pale nyuma mlangoni, mimi ni Irmgard, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu wifi yangu Roswitha amesema akianza yeye kumweleza mumewe hatutafika makaburini leo.

Marehemu Eckhard Brosowski alizaliwa Bottrop tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mchimba makaa ya mawe, akaanza shule mwaka 1957, ambako mama alichoka kuomba radhi kwa madirisha yaliyovunjwa na mpira, na mwaka 1972 akasajiliwa kuwa beki wa ligi daraja la pili, akacheza miaka minane hadi goti lilipokataa.

Ndoa ilifungwa tarehe 6 Juni 1975, siku ya Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi kulikuwa na mechi, na bwana harusi aliondoka kwenda kambini kabla keki haijakatwa, jambo ambalo Roswitha hajalisamehe, wala mimi simshauri.

Alianza ukocha mwaka 1983, akafukuzwa na klabu saba kwa kosa lile lile la kutosikia la mtu, mpaka klabu yetu ya Rehbeck ilipomchukua mwaka 1994, na kwa miaka ishirini na mitano, kila Alhamisi baada ya mazoezi, alibandika mlangoni orodha ya wachezaji kwa mwandiko wake, na ikishabandikwa hakuna aliyeweza kuibadilisha, hata padri alijaribu.

Walijaliwa mtoto mmoja, Holger, aliyezaliwa mwaka 1976, akacheza chini ya baba yake miaka kumi na mmoja, yaani alikaa benchi miaka kumi na mmoja, eti watu wasiseme kocha anampendelea mwanawe, hadi Mei 2005 alipomuuliza mbele ya wote, "Baba, hivi jina langu unajua kuliandika?" akavua jezi, akaondoka, na hawakuketi meza moja tena, mmoja akingoja kuombwa radhi, mwingine hajui radhi inaombwaje.

Februari 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 2 Novemba, baada ya kubishana na muuguzi kuhusu mto.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi huyo mvumilivu, majirani kwa keki, wachezaji wake wote, na marefa wa wilaya nzima, ambao leo tunawaomba radhi kwa niaba yake.

Majirani sita walishapangwa kubeba jeneza, kama ilivyo desturi, lakini jana Roswitha alikuta karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, mwandiko ule ule, ya Alhamisi tarehe 28 Oktoba: wabebaji sita, na jina la kwanza, mbele kushoto, ni Holger, kisha penye wachezaji wa akiba ameandika "hakuna". Simu ilikuwa pale pale kando ya kitanda, jamani, na bado alishindwa kuinyanyua.

Holger, njoo mbele, mwanangu, orodha imeshabandikwa.

Nawe kaka, safari hii umepanga vizuri, sasa acha kubishana, pumzika kwa amani.