Treni Ikirudi

Kwenye kona ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mbele ya duka la vitambaa la Harilal, kuna benchi refu lenye miguu mitatu yake na mmoja wa kuazima, ambao ni tofali. Atakayekaa upande wa tofali lazima akae kwa adabu, la sivyo wenzake wote wanamwagikiwa kahawa. Baada ya sala ya alasiri, kivuli cha ghorofa kinapofika pale, muuza kahawa Uwesu hutua birika lake na mkaa wake, na kijiwe kinaanza. Mwenye duka, mzee Harilal, wamempa jina la Babu Mita. Beno, muuza kufuli na bawaba, ni Methali, kwa sababu methali anazo tele, ila hajawahi kuiweka hata moja mahali pake. Angelina wa kashata ni Mama Redio, na redio yenyewe ni ile ndogo aliyoifunga kwa raba kwenye mpini wa kapu. Wa nne ni fundi Nurdin, ambaye cherehani chake kiko ubavuni mwa benchi. Huyu wanamwita Pindo, maana hatoi neno mpaka alikunje mara mbili. Wote wanne wana damu ya kusini, kila mmoja kwa njia yake, na ndiyo maana siku hiyo redio iliwashika.

— Nyamazeni! Nyamazeni jamani! Angelina aliinua kapu juu kama mtu anayevuka mto na mtoto.

Mtangazaji alikuwa akisema kwamba reli ya zamani ya kusini, ile ya Nachingwea iliyofungwa miaka mingi ikang'olewa mpaka vyuma, imeanza kupimwa upya, na kwamba ikijengwa itabeba abiria.

Mguu wa Nurdin ulisimama juu ya pedeli.

— Pindo, umesikia? Treni inarudi kwenu.

— Nimesikia.

— Sasa mbona umekuwa mweupe kama bitana? aliuliza Beno. Au una shamba kwenye reli?

Nurdin aliinamia kazi yake. Mbele yake alikuwa amesimama mteja, dada mmoja aitwaye Ritha, aliyekuja Kariakoo kuchukua mzigo wa nguo za watoto. Mkanda wa begi lake ulikuwa umekatika. Aliwaamkia shikamooni, wakamwitikia marahaba, akaketi pale palipokuwa wazi, yaani upande wa tofali. Hakuna aliyekumbuka kumwonya. Nurdin aliupanga ule mkanda chini ya sindano, akaukunja, akaukunjua.

— Leo asubuhi, alisema mwishowe, mpwa wangu Nassibu kanipigia kutoka nyumbani. Ameniletea salamu. Kasema, Bi Anifa anakusalimu, anasema mwambie Nurdin treni inarudi.

— Anifa ndiyo nani? Angelina aliweka kapu chini.

Hapo ilibidi fundi aeleze, na alieleza polepole. Kule kwao, tangu reli ilipong'olewa, watu wana namna yao ya kukataa bila kumuumiza mtu. Ukimwomba jirani jembe lake jipya, anakwambia, nitakupa treni ikirudi. Mtoto akilia anataka viatu, anaambiwa treni ikirudi. Kila mtu anajua maana yake. Ni hapana, ila imevishwa nguo.

Na zamani, Nurdin alipokuwa kijana mwenye begi moja na safari ya Dar, alisimama na Anifa juu ya tuta la reli, palipokuwa pameota majani, akamwomba waoane waje wote Bongo. Anifa alitua ndoo ya maji, akamtazama, akasema: "Nitakuja, treni ikirudi." Nurdin alichukua begi lake akaondoka. Huku Dar akaja kumuoa mwingine, mama mwema, wakalea watoto, na mama huyo sasa amelala makaburini Kisutu. Anifa naye aliolewa, naye akafiwa. Lakini katika miaka yote hiyo kulikuwa na pindo moja ambalo Nurdin hakulimaliza kulishona. Angeweza kusema "treni ikirudi" tu, kama wengine wote. Kwa nini alitanguliza "nitakuja"?

Uwesu, ambaye huwa haongei akiwa kazini, alisahau kumimina. Kikombe kilibaki hewani.

— Mzee, hapo umekwisha, alisema Beno. Ahadi ni deni!

— Haa! Leo imekaa! Angelina alipiga makofi. Methali kapata moja! Uwesu, mpe cha bure.

— Sijamaliza. Ahadi ni deni, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kwa hiyo Pindo ukainame relini, uisubiri.

— Imeharibika tena. Nyie Wangoni bwana, mkipewa mchicha mnaupalilia kama mahindi.

— Na wewe Mmakonde chonga kashata, usichonge maneno.

— Sikiliza Pindo, Angelina alimpuuza Beno akamgeukia fundi. Mimi ni mwanamke, nakwambia. Mwanamke akisema nitakuja halafu akaweka sharti, hiyo siyo hapana. Hiyo ni ndiyo iliyofungwa na kufuli.

— Kufuli nauza mimi, Beno aliingilia. Kila kufuli ina ufunguo wake. Wewe wako ndio huo, umetangazwa redioni.

Nurdin alicheka kidogo. Alianza kukanyaga pedeli, taratibu, na sindano ikaingia kwenye mkanda.

— Ilikuwaje hiyo treni? aliuliza. Mimi sikuiwahi. Nilikuta tuta.

Wote walimgeukia Harilal, kwa kuwa yeye peke yake aliiona. Baba yake alikuwa na duka Nachingwea siku zile Waingereza walipolima karanga kwa matrekta. Karanga zilikataa, ila duka na treni vilibaki kwa muda.

— Ilikuwa ndefu kuliko mvua, alisema Harilal, na sauti yake ilishuka. Nilikuwa mtoto. Ikikaribia, kabla hujaisikia, mizani ya dukani inatikisika. Mama anamwambia mteja, subiri bibi, siwezi kupima sukari, treni inapita. Basi wote wanasubiri. Mteja anasubiri, sukari inasubiri. Mimi nilidhani nchi nzima inasimama mpaka ipite. Na harufu yake, karanga na moshi. Mpaka leo nikipita mahali wanakaanga karanga, nageuka kuangalia kama kuna mtu anashuka.

Kijiwe kizima kilinusa hewa. Kwenye kapu la Angelina kulikuwa na kashata za karanga.

— Lakini Pindo, Harilal aliendelea kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake kibanzi. Ile reli unajua iliishia wapi?

— Mtwara.

— Mtwara. Baharini. Haikuja Dar hata siku moja. Sasa huyo mama angekujaje huku kwa treni ile?

Mguu ulisimama tena.

Nurdin hakuwa amelifikiria hilo. Kila jioni ya mvua, akiwa peke yake na cherehani, alikuwa akimwona Anifa akishuka kwenye behewa hapa Dar, ndoo mkononi, kanga begani, anauliza watu wa Mnazi Mmoja fundi Nurdin anakaa wapi. Reli iliyomleta aliijenga yeye mwenyewe kichwani. Aliivusha Rufiji bila daraja, akaipitisha misituni bila kukata mti. Na ilikuwa reli nzuri.

— Basi hizo ni hapana mbili, alisema Angelina polepole. Hapana ya kwao, na hapana ya ramani.

— Hapana mbili? Beno aliruka, benchi likayumba, Ritha akashika tofali. Shuleni mlisoma nini nyie? Hasi mara hasi ni chanya! Mwalimu alinichapa mpaka nikaelewa. Huyo mama kamwambia ndiyo, tena ndiyo ya hesabu!

— Acha fiksi zako, muongo wewe, alisema Angelina.

— Siyo fiksi. Sikilizeni. Vile vyuma walivyong'oa vilienda wapi? Nani anajua? Hakuna. Mimi nawaambia vililetwa huku mjini vikayeyushwa. Vikawa sufuria, vikawa vitanda, vikawa nondo za madirisha. Vikawa kufuli. Hizi hapa! Alitikisa mkungu wa kufuli zake, zikalia. Pindo, hata hicho cherehani chako, umewahi kukiuliza kwao ni wapi?

— Kimeandikwa jina la Ulaya.

— Jina tu! Hata mimi naitwa Beno. Mwacha asili ni mtumwa, na chuma si mtumwa. Siku wakilaza taruma la kwanza la kubebea reli kule Nachingwea, chuma chote cha Kariakoo kitasikia. Usiku sufuria zitageuka zenyewe rafuni zielekee kusini. Utaamka asubuhi kufuli zimefunguka bila funguo.

— Kwa hiyo tutaibiwa wote, alisema Harilal.

— Hakutakuwa na mwizi, Babu Mita. Mwizi naye atakuwa anashangaa.

Angelina, aliyekuwa akitikisa kichwa, aliacha kukitikisa. Macho yake yaliangalia mbali, juu ya mikokoteni na marobota.

— Na mikorosho je? alisema. Kwetu watu wamepanda mikorosho juu ya lile tuta. Ni mikubwa, ina wajukuu. Huwezi kuikata, na treni haiwezi kuikwepa. Basi itabidi treni iibebe. Kila behewa na mkorosho wake katikati, abiria wanakaa kivulini. Msimu ukifika mnasafiri huku korosho zinawadondokea mapajani.

— Wewe unamcheka Methali? Harilal alisema, lakini alikuwa akitabasamu.

— Inavuka Rufiji, viboko wanaisukuma kwa nyuma. Inafika Mbagala, inapunguza mwendo. Inapita Mnazi Mmoja watu wanasimama kama mkutano. Halafu inasimama hapa. Hapa! Hili tofali ndiyo stesheni yenyewe, ndiyo maana halijawahi kuondolewa.

— Itageuzia wapi? aliuliza Harilal. Hapa pafinyu.

— Itashuka bondeni Jangwani. Mvua zikija, maji yenyewe yataigeuza.

Nurdin alikuwa ameinamisha kichwa. Cherehani kilikwenda, taka-taka-taka, taka-taka-taka, na mkanda wa begi ulipita chini ya sindano mweusi na mrefu, na mshono ulijipanga juu yake, mistari miwili sambamba, na katikati vijishono vya kukaza, kimoja baada ya kingine. Aliutazama mpaka mtaa ukapotea. Muuza mahindi aliyepita na moshi wake alionekana kama stesheni inayopita. Mizani ya dukani kwa Harilal, ile ndogo ya kupimia vifungo, ilitikisika, au alidhani imetikisika. Akaona ndoo. Akaona maji ndani ya ndoo, yametulia kabisa, kana kwamba yanayosafiri si hayo.

— Samahani, baba.

Ilikuwa sauti ya Ritha. Alikuwa amekaa kwa adabu muda wote, kikombe cha kahawa mkononi, hajamwaga hata tone.

— Mkanda unakaribia kwisha, mwanangu.

— Siyo mkanda. Nilikuwa nasikiliza. Mimi natokea hukohuko Nachingwea, nimekuja juzi na basi, kesho alfajiri narudi. Huyo mama alisema yeye atakuja treni ikirudi.

— Ndivyo.

— Na wewe je? Alikukataza kwenda na basi?

Nurdin aliondoa mguu kwenye pedeli.

Beno alitafuta methali. Alionekana akiitafuta, macho juu, midomo ikichezacheza, kama anayetafuta ufunguo kwenye mkungu. Angelina alipunguza sauti ya redio, kisha akaizima, jambo ambalo kijiwe hakijawahi kuliona. Harilal alichukua mita yake ya kupimia vitambaa akaanza kuizungusha kidoleni, taratibu, akitazama chini. Barabara ya kusini ina lami siku nyingi. Mabasi yanatoka kila asubuhi. Walijua wote.

— Uwesu, tuongeze, alisema Beno ili aseme kitu.

Uwesu aliinamisha birika. Lilitoa machicha, kisha halikutoa kitu.

Nurdin alikata uzi kwa meno. Aliuvuta mkanda kwa mikono miwili kuujaribu, ukakaza, akampa Ritha begi lake. Kisha alifungua droo ya cherehani, akatoa simu iliyokuwa imelala kati ya vifungo, akaitazama kidogo, akapiga.

— Nassibu? Salamu zimefika. Sasa mpelekee na zangu. Mwambie Bi Anifa...

Alilikunja neno mara moja. Wenzake walimwona akianza kulikunja mara ya pili, halafu akaliacha.

— Mwambie treni imechelewa. Abiria anatangulia.

— Mh! Beno alisema kwa wivu. Hiyo methali ya wapi?

— Si methali. Ni salamu.

Alikifunika cherehani kwa kipande cha kanga, akakifunga kamba kama afanyavyo siku za sikukuu. Harilal, bila kuulizwa, aliingia dukani akatoka na shati jeupe lililokunjwa, lile ambalo fundi alilishona mwenyewe akalitundika dirishani kuwaonyesha wateja, akaliweka juu ya benchi.

Nurdin alilitazama lile shati, akapitisha kidole kwenye kola yake.

— Mwanangu, alimwambia Ritha, kwenye hilo basi la alfajiri, nikae upande gani nisifike nimelowa jasho?

— Kulia, baba. Kushoto jua linapiga mpaka Somanga.