Kaye ya Godelive Iko na Majina Kumi na Ine

Miaka makumi tatu na mbili infirmière Godelive, muuguzi wetu, alipima matumbo ya batu na mashini ya kuona ndani, mu chirurgie yetu, kwenye banapasulia batu, hapa Butembo. Tarehe 30 mwezi wa sita anaenda retraite, anaacha kazi apumzike. Bakubwa baliniomba mimi Tamar, bibi muzee mwenye kufuaka manguo ya bloc, chumba ya upasuaji, niandike maneno ya kumuaga, juu nilimutangulia hapa. Nilisoma miaka mbili tu. Mutavumilia.

Munafikiri alikuwa wa kupima mimba tu. Hapana. Alichunga mushipa mukubwa ya damu yenye kupita mu tumbo. Kwa bazee, zaidi benye kuvuta tumbako, inavimbaka polepole kama shambrera, mupira ya ndani ya baiskeli, iliyochoka. Haiume. Siku inapasuka, mutu hafike hospitali. Kama haiyafika santimetre tano na nusu, Godelive aliandika jina mu kaye yake, daftari ya bazee ba kufuatwa, mutu anakunywa dawa ya tansion, ya kushusha nguvu ya damu, anarudia kisha miezi sita. Ikipita pale, munganga anapasua tumbo na kutia bomba ya kitambaa. Familia inaleta kwanza batu ba kutoa damu.

Mwenye hakurudi, Godelive alimufuata. Mzee Ananie alijificha mu maharagi yake kule Bulengera. Godelive aliketi pembeni mpaka mvua ikamutoa mzee. Kisha misa alishikaka bazee matumbo ku mulango ya kanisa, bamama banasema: «Ule anatafuta bwana.»

Bwana yangu Paulin alisikia moyo wa pili unapiga mu tumbo. Mimi ni mukandaji. Godelive alikuja mara mbili: «Mama Tamar, usimukande, umulete nimupime.» Nilimufukuza. Nikamukanda na mawese siku tatu. Alifia ku pikipiki, mbele ya kufika hapa. Munganga alisema pengine ingepasuka tu. Pengine. Godelive alinisaidia kumuosha, akasema: «Wa kesho mwenye kuja kukandwa, weka kiganja kwanza ku tumbo. Ikipiga, leta.»

Nimeleta bane. Batatu balipasuliwa: mumoja alikufa ku meza, bawili banalima mpaka leo. Wa ine ni Vagheni, santimetre tano, wa kupimwa mwezi wa saba.

Na kaye yenye majina kumi na ine, nani ataishika? Chef, mukubwa wa kazi, anasema tutaona. Mutaona nini? Mashini munaijua bote, ni miguu ya kufuata bazee munanyima. Siku ya sherehe, mbele ya kufungua soda, mumoja asimame aipokee kaye.

Godelive, aksanti. Rudi kwenu Masereka, ulime viazi, upate usingizi na miaka mingi. Lakini mwezi wa saba, ukiona namba yangu ku telefone, ujue hakuna mwenye alisimama.