Chungu cha Mama Ndani ya Kabati la Kioo

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, dada wa marehemu, bibi wa hawa wanaonong'ona huko nyuma, niwasomee maisha yake, na macho yakigoma nitamalizia kwa kichwa.

Marehemu, tuliyemwita Gundi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1953, nyumba ya bati nyuma ya kiwanda cha matofali, kitinda mimba wa mama yetu, akasoma shule ya msingi ya jirani na stesheni hadi darasa la saba, akanipita mimi niliyeishia la tatu.

Tarehe 1 Julai 1974 aliajiriwa makumbusho ya mkoa, chumba cha nyuma, kuunganisha vyungu vya watu wa kale, anapaka gundi, anasimamisha vigae kwenye karai la mchanga mpaka vikauke, na tabia hiyo akaihamishia nyumbani, maana alipofunga ndoa tarehe 12 Mei 1979, haukupita muda wifi yangu akachota sukari pamoja na mkono wa kikombe uliosimamishwa humo gundi ikauke. Walijaliwa watoto watatu, wote wako hapa.

Mwaka 2009 chungu cha mama yetu kilipasuka jikoni kwangu, akaenda nacho kazini akiunganishe, akakiacha mchangani, malaria ikamlaza, na aliporudi alikikuta ndani ya kabati la kioo, kinamulikwa taa, kimeandikwa ni cha kale. Alimwambia mkuu wake siku hiyohiyo, mkuu akacheka, akasema, "Mzee, tutakitoa, tunasubiri kibali," na aliyemfuata akasubiri kibali, na huyu wa sasa anasubiri, wala hakuna aliyebisha, nami hilo ndilo linaloniudhi, kwani anayebisha utagombana naye, anayekubali halafu akakaa utamfanya nini? Marehemu alistaafu mwaka 2013 akikiacha mle mle, na kila akija kwangu, "Dada, nimewadanganya watoto wa shule," nami namjibu, "Na mimi napikia sufuria."

Kifua kilimshika Novemba mwaka jana, akafariki hospitali ya mkoa tarehe 9 mwezi huu, akiulizia chungu, si mimi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mlioleta viti, na wenzake wa kazini, hasa mkuu wao aliyeketi mbele, shada lako tumelipokea, baba, lakini kesho nakuja na kigoda changu, nitakaa mbele ya kabati lile, na kila anayeingia nitamweleza chungu kile ni cha nani na kilipikiwa nini, mpaka hicho kibali kionekane.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, zamu ya kusubiri nimeipokea, na mimi sisubiri kimya.